Shajara ya mradi: trekta ya mtumba yenye kabini kwa ajili ya Baba

Jumapili. Tunachotafuta

Baba ana miaka 76 na bado analima mwenyewe. Trekta yake haina kabini wala nguzo za kumkinga ikipinduka. Injini yake ni nzima, ukiigusa stata inawaka. Kilichochoka ni goti la kushoto la Baba, shingo yake, na sikio la upande ambao ekzosi imesimama. Tumekaa kama familia tukakubaliana kwamba hakuna atakayemwambia aache shamba. Tutamtafutia trekta iliyotumika yenye kabini, na mimi nimepewa kazi ya kuichagua. Nitaandika kila hatua hapa, ili ndugu zangu waone kwa nini mashine fulani imekataliwa na nyingine imechukuliwa, na ili mwingine mwenye mzazi wa namna hii apate pa kuanzia.

Kazi zenyewe si nzito mno: plau ya diski tatu, haro, tela, mashine ya kunyunyizia dawa na ya kukata majani. Nguvu farasi 70 hadi 85 zinatosha. Mikono ya nyuma ya kuinulia zana iwe ya daraja la 2, kwa sababu zana tulizo nazo zina pini za milimita 28 chini na 25 juu. Ikivuta kwa magurudumu manne itakuwa vizuri, lakini si sharti.

Sharti ni kabini iliyojengwa kiwandani pamoja na trekta yenyewe. Sababu ya kwanza ni kupinduka. Sweden ilianza mwaka 1959 kudai kila trekta mpya iwe na nguzo za kumkinga dereva, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Uingereza ikafuata kwa matrekta mapya mwaka 1970. Kabini ya kiwandani ina nguzo hizo ndani yake, chini ya plastiki na vioo, na zimepimwa kwa kugandamizwa na kugongwa kabla ya aina hiyo kuruhusiwa kuuzwa. Ila zinafanya kazi pamoja na mkanda. Dereva asiyejifunga anarushwa kutoka kwenye kiti, na nguzo zile zile zinaweza kumwangukia.

Sababu ya pili ni kelele. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inashauri mtu asipate zaidi ya desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja tu. Trekta ya wazi inapolima kwa nguvu hupita 90 bila shida. Sikio la Baba lililoharibika halitapona. Uwezo wa kusikia uliobaki ndio tunaopigania.

Hapa lazima niseme kwamba kuwa na kabini peke yake hakutoshi. Kabini nyingi za zamani zilikuwa bati na vioo tu, na baadhi ziliongeza kelele kwa sababu bati lilitetemeka pamoja na injini na kumrudishia dereva mlio wote. Ndiyo maana Uingereza ililazimika kuweka kikomo cha desibeli 90 kwenye sikio la dereva mwaka 1976. John Deere walikuwa wameshatoa kabini yao ya Sound-Gard mwaka 1972, iliyosanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya utulivu, na hewa inasukumwa ndani ili vumbi lisipenye. Kwa hiyo neno "ina kabini" kwenye tangazo la muuzaji bado halijaniambia kitu. Nitauliza kabini gani, ya mwaka gani, na imefungwa na nani.

Jumatano. Tumempima dereva kabla ya kwenda kuona trekta

Watu wengi wanaanza na injini. Mimi nimeamua kuanza na mwili wa Baba, kwa sababu injini inafunguliwa na kufanyiwa ukarabati, pampu ya dizeli inapelekwa kwa fundi, lakini mlango uliowekwa mahali pabaya na ngazi iliyo juu mno haibadilishiki kirahisi.

Tulipanga masanduku ukutani, akapandisha mguu wa kushoto, kisha wa kulia, huku ameshika nguzo. Hadi sentimita 40 hakuhangaika. Kwa 45 alivuta mwili kwa mikono. Kwa 55 aliweza, lakini alikunja uso, na kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Basi kipandio cha kwanza kisizidi 45 kutoka ardhini, au pawe na mahali pa kuongezea kingine. Pia pawe na vishikio pande zote mbili za mlango, kwa sababu mtu anayepanda anatakiwa wakati wote awe ameshika au kukanyaga sehemu tatu: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja.

Klachi ndiyo iliyonishtua. Tuliweka mizani ya kupimia uzito wa mwili juu ya pedali ya trekta yake ya sasa na kuikandamiza mpaka mwisho. Ilisoma zaidi ya kilo 25. Ukiwa unalima shamba lenye mistari mifupi, mguu huo wa kushoto unakandamiza pedali kila unapogeuza, mbele na nyuma, siku nzima. Goti halikuharibika kwa uzee peke yake.

Kwa hiyo kigezo kilichopanda hadi juu ya orodha ni shato, yaani kijiti kilicho upande wa kushoto wa usukani kinachobadili mwelekeo wa trekta kwenda mbele au nyuma. Zipo za aina mbili, na wauzaji wanazichanganya. Shato ya kimekanika inakurahisishia kutafuta gia tu, klachi bado unaikanyaga. Shato ya hidroliki ina klachi zake ndani ya mafuta, na unasukuma kijiti kwa vidole huku mguu umetulia sakafuni. Baba anahitaji hii ya pili. Nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ninayotembea nayo.

Shingo yake inageuka kulia vizuri, kushoto kidogo tu. Kulima ni kazi ya kutazama nyuma, kwa hiyo kiti kinachozunguka kidogo upande wa kulia, vioo vipana vya pembeni na kamera ya nyuma vitamwondolea mzigo. Kamera ni rahisi kufunga, kiti kinachozunguka kinategemea nafasi iliyomo ndani. Na mgongo wake unataka kiti chenye hewa chini yake. Umoja wa Ulaya, katika agizo la mwaka 2002 kuhusu mtetemo, uliweka kiwango cha mita 0.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa nane kuwa mahali pa kuanza kuchukua hatua, na 1.15 kuwa ukomo usiovukwa. Kwenye ardhi yenye mabonde trekta inafikia hapo kwa urahisi, hivyo kiti kibovu si jambo la starehe.

Baba alisikiliza vipimo vyote, kisha akauliza, "Mwanangu, na injini je?" Nikamwambia injini ina zamu yake, Baba, na fundi wake wa siku zote atakuwepo.

Jumamosi. Trekta ya kwanza: injini nzuri, kabini mbaya

Mita ilikuwa inasoma saa 3,100. Rangi safi, matairi mazuri, injini inanguruma vizuri sana. Fundi aliipenda, Baba aliipenda zaidi.

Kuhusu mita, maelezo kidogo. Kwenye matrekta mengi ya zamani inazungushwa na injini kwa kebo, na inahesabu saa moja kamili pale tu injini inapokuwa kwenye mzunguko uliopangwa kiwandani. Ikinguruma polepole, mita inatembea polepole. Kwa hiyo namba ile hailingani na saa ya mkononi, na tena mita yenyewe inabadilishwa kwa bisibisi tu. Vya kutazama ni vitu ambavyo muuzaji havikumbuki: mpira wa pedali ulivyolika, matundu ya mikono ya chini ya kuinulia, tundu la pini ya kuvutia tela, na mkono wa kiti. Hapa vyote vilikubaliana na mita. Muuzaji alikuwa mkweli.

Tatizo lilikuwa kabini. Ilifungwa baadaye na karakana fulani: bati lililokunjwa, vioo bapa, sakafu isiyo na zulia, na miguu yake imeshikwa kwa bolti moja kwa moja kwenye ganda la ekseli bila mpira wowote katikati. Nilitafuta kibati kinachoonyesha namba ya jaribio la nguzo, hakikuwepo. Nguzo ya nyuma ya kulia ilikuwa imetobolewa na kuchomelewa chuma cha kubebea taa. Nguzo ya kinga haitobolewi wala haichomelewi hata mara moja. Moto wa kuchomelea unabadilisha nguvu ya chuma, na hakuna anayeweza kukuhakikishia tena itavumilia nini.

Nikapima kelele kwa simu, milango imefungwa, injini kwenye kasi ya kuzungusha PTO, yaani shafti ya nyuma inayoendesha zana, mara 540 kwa dakika. Simu si kifaa cha maabara, lakini inatosha kulinganisha trekta na trekta. Ilisoma 94. Trekta ya zamani ya Baba, iliyo wazi, nilikuwa nimeipima kwa simu hiyo hiyo ikasoma 95. Tungekuwa tunamnunulia sanduku la vioo.

Na klachi ilikuwa ya mguu, nzito. Tukashukuru, tukaondoka. Njiani Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema injini ile angeipata wapi tena. Nilimwelewa. Mtu aliyeishi na mashine miaka yote anapima afya yake kwa mlio, na mlio ule ulikuwa mzuri kweli.

Jumanne. Ya pili: ya kisasa, yenye lipakizi (ndoo ya kupakia mizigo) mbele

Kabini tulivu, shato ya hidroliki, kiti cha hewa, kiyoyozi kinapuliza baridi. Kwa mwili wa Baba ilikuwa karibu kamili. Kipandio cha kwanza kilikuwa sentimita 48 na kingeweza kurekebishwa.

Lakini tulipofika injini ilikuwa ya moto. Nilikuwa nimemwomba muuzaji kwa simu asiiwashe kabla hatujafika. Injini iliyopashwa moto inaficha mengi: betri dhaifu, nozeli zinazovuja, mgandamizo uliopungua, moshi wa asubuhi. Ukikuta injini ina joto kabla hujaomba iwashwe, omba uje siku nyingine. Sikufanya hivyo hapa kwa sababu tayari nilikuwa nimeona matairi.

Matairi ya mbele yalikuwa mapya kabisa, na ya saizi tofauti na ile iliyoandikwa kwenye kibati. Watu wengi wanalichukulia jambo hili kirahisi, na linaua giaboksi. Trekta ya kawaida ya magurudumu manne haina difu, yaani gia inayoruhusu kasi tofauti, katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Zimefungwa pamoja kwa gia. Magurudumu ya mbele yanapangwa kutangulia kidogo, asilimia 1 hadi 5, ili yavute badala ya kusukumwa. Tairi la mbele likiwa na mzingo mkubwa kuliko uliokusudiwa, ekseli mbili zinapigana muda wote gia ya mbele (ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele) ikiwa imeingizwa: matairi yanalika, krosi za shafti zinakatika, gia zinapata joto.

Kupima ni rahisi, na kila mnunuzi anaweza. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na la mbele. Endesha kwenye ardhi ngumu, gia ya mbele ikiwa nje, mpaka la nyuma lizunguke mara kumi, huku mtu anahesabu mizunguko ya la mbele. Rudia gia ya mbele ikiwa ndani. Toa hesabu ya kwanza kwenye ya pili, gawanya kwa ya kwanza. Sisi tulipata 13.2 na 14.4. Hiyo ni asilimia 9.

Tuliweka jeki chini ya ekseli ya mbele, fundi akashika gurudumu juu na chini akalitikisa. Lilicheza, na sili ya kitovu ilikuwa inatoa mafuta. Lipakizi la mbele linabebesha ekseli hiyo mizigo mizito kila siku, kwa hiyo trekta yenye lipakizi ikaguliwe mbele kwa ukali wa pekee, hasa kama haikuwa na uzito wa kusawazisha nyuma.

Baba safari hii ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema tuondoke.

Ijumaa. Ya tatu: saa nyingi, na ninaitaka

Mita inasoma 7,800. Rangi imepauka, boneti ina alama ya kugongwa na tawi, tairi moja la nyuma limepasuka-pasuka ukutani kwa jua. Ni nguvu farasi 80, magurudumu manne, shato ya hidroliki, kabini ya kiwandani yenye kibati chake nguzoni. Pampu yake ya dizeli ni ya kimekanika, na kwa trekta ya umri huu napendelea hivyo: fundi wa Baba anaifahamu, na haitasimama katikati ya msimu kwa ajili ya kihisio kimoja.

Mwenyewe aliacha injini baridi kama nilivyomwomba. Ilishika kwa mzunguko wa tatu au wa nne, ikatoa moshi mweupe kidogo uliokwisha mara injini ilipopata joto. Moshi mweupe wa namna hiyo ni dizeli isiyoungua kwenye injini baridi. Ungeendelea baada ya joto, ningefikiria nozeli au maji yanayoingia kwenye silinda. Wa bluu ungekuwa oili. Mweusi unatoka ukibebesha injini mzigo ghafla, na ukipotea mara moja si neno.

Fundi alifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu. Kilitikisika bila kuruka. Hewa inayotoka pale ni ile inayopita pembeni mwa pistoni, na kifuniko kikirushwa ujue ringi zimekwisha. Kabla ya kuwasha tulikuwa tumeshafungua rejeta: maji ya kijani, hakuna utando wa oili.

Kisha nyuma. Kwenye trekta hii, kama ilivyo kwa nyingi, oili moja inahudumia giaboksi, difu, hidroliki na breki zilizozama ndani yake. Kijiti cha kupimia kilitoka safi, rangi ya asali. Ingekuwa na weupe wa maziwa, maji yameingia, na hapo unanunua matatizo manne kwa pamoja.

Shato ndiyo tuliyoipa muda. Oili ikiwa baridi ni nzito na inaficha klachi zilizochoka, hivyo mwenye trekta alikubali tulime kwa plau yake karibu saa nzima. Halafu tukaipeleka kwenye mteremko, tukabadili mbele na nyuma, tukisikiliza kama inachelewa kushika au inateleza. Mbele ilishika mara moja. Nyuma ilichelewa kidogo sana, sawasawa kila mara, na fundi akasema hilo ni la kurekebisha presha. Tukainua plau juu, tukazima injini, tukaiacha. Baada ya robo saa ilikuwa imeshuka upana wa vidole viwili. Iliyochoka ingekuwa imeshalala chini.

Breki zinashika sawa kushoto na kulia, na kifungo kinachounganisha pedali mbili kipo. Hicho kifungo watu wanakitoa na kukitupa. Barabarani, na tela nyuma, kukanyaga breki ya upande mmoja kunaweza kuipindua trekta.

Sasa kabini. Sakafu chini ya zulia ina kutu ya juu tu, haijatoboka. Nililikunjua zulia lote, kwa sababu maji ya viatu na ya kiyoyozi yanakaa hapo. Mipira minne inayobeba kabini imepasuka miwili. Sili ya mlango wa kulia imekauka. Kiti cha hewa hakipandi. Kiyoyozi hakikupoza, lakini kompresa ilikuwa inashika, na tulipofungua matundu ya paa tukakuta kondensa imejaa makapi mpaka haionekani. Kibandiko kinasema gesi ya kupozea ni R134a. Niliangalia hilo makusudi. Matrekta ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mara nyingi yalitumia R12, iliyoondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, na mfumo wa R12 ambao haujabadilishwa ni gharama nyingine. Kabini isiyopoza jua likiwa kali haikaliki. Dereva anafungua milango, na kelele na vumbi vyote vinarudi.

Kelele pamoja na mipira mibovu na sili iliyokauka: 82. Nilirudia kupima kwa sababu sikuamini.

Baba alipanda. Kipandio cha kwanza ni 46, vishikio viwili virefu, mlango unafunguka mpaka nyuma kabisa na hakuna kijiti cha gia kinachozuia goti. Akakaa, akasukuma shato mbele, nyuma, mbele. Akaniita: "Njoo uone, mguu wangu haufanyi kitu."

Jumatatu. Karatasi na makubaliano

Namba ya fremu na ya injini zinalingana na karatasi. Tumehakikisha haidaiwi popote wala haijawekwa rehani. Mwenyewe ana daftari la huduma, oili imebadilishwa kwa saa zinazoeleweka. Daftari hilo kwangu lina uzito kuliko mita.

Orodha ya ubovu niliiandika mbele yake, kila kitu na gharama yake kwa makadirio ya fundi: mipira ya kabini, sili za milango, kiti, tairi moja, presha ya shato. Hakubishana, akapunguza. Kaka yangu alitaka tuendelee kubana. Nilikataa, mtu aliyetuachia kulima saa nzima kwa dizeli yake alikuwa ameshatutendea haki. Tumeichukua.

Alhamisi. Karakana

Mipira mipya imefungwa. Kondensa imesafishwa kwa hewa kutoka ndani kwenda nje, gesi imeongezwa, inapoza. Kiti kilikuwa na mpira wa hewa uliotoboka tu. Presha ya shato imerekebishwa. Matairi ya nyuma tumebadilisha yote mawili, ili yalingane, kisha nikafanya tena hesabu ya chaki: asilimia 3.

Tumeongeza kipandio cha chini kinachoning'inia kwenye mikanda ya mpira, sentimita 32 kutoka ardhini. Kikigonga kisiki kinajipinda na kurudi, hakikatiki. Kingo za vipandio vyote zimepakwa rangi ya njano, kwa sababu macho ya Baba jioni hayatofautishi cheusi na cheusi. Kamera imewekwa nyuma, na mikono ya chini imebadilishiwa ncha za ndoano, ili afunge zana bila kuinua mikono ile mizito kwa nguvu.

Kuna jambo ambalo tulijadiliana sana, nalo ni dawa. Baba aliamini kwamba akifunga milango yuko salama kunyunyizia. Filta ya kabini hii ni ya karatasi. Inazuia vumbi. Kiwango cha Ulaya cha EN 15695 kinagawa kabini katika madaraja manne: la 2 linakinga vumbi, la 3 vumbi na matone laini, la 4 pekee ndilo linalokinga pia mvuke wa dawa, na linahitaji filta ya mkaa pamoja na kabini inayoweza kushikilia hewa iliyosukumwa ndani. Yetu haifiki huko. Kwa hiyo kunyunyizia kutafanywa na mdogo wangu, akiwa na barakoa na mavazi kamili, hata akiwa ndani. Baba hakupenda. Amekubali.

Jumamosi. Mazoezi

Kushuka kumechukua muda kuliko kuendesha. Ana mazoea ya miaka mingi ya kushuka akiwa ameipa trekta mgongo na kuruka hatua ya mwisho. Sasa anashuka akiitazama trekta, mikono kwenye vishikio. Kila mara: shato katikati, breki ya mkono, PTO imezimwa, zana chini, injini imezimwa, ndipo mlango. Nimejaribu pia swichi inayozuia injini kuwaka ikiwa kwenye gia, inafanya kazi. Nimewaomba wote nyumbani, hakuna kuwasha trekta hii kwa bisibisi ukiwa umesimama chini hata betri ikigoma. Trekta inaweza kuondoka na kumpitia aliyeiwasha.

Mkanda alisema unambana. Tukaurekebisha mpaka akaacha kusema.

Jumanne. Shambani

Kelele baada ya matengenezo: 78 kwa simu, milango imefungwa. Baba amelima tangu asubuhi mpaka mchana na kushuka bila kushika goti.

Limetokea jambo ambalo sikulitarajia, na wengine walijue. Aliporudi alisema haisikii injini. Kwenye trekta ya wazi alijua kwa sikio kwamba plau imeingia sana au injini inaanza kuzidiwa, na mkono wake ulikuwa unainua zana kabla hajafikiri. Ndani ya kabini habari hiyo haimfikii, na kwa sikio lake haifiki kabisa. Alikuwa ameanza kufungua dirisha la nyuma ili asikie. Nimekaa naye kwenye kiti cha msaidizi, tukalima mistari, tukatazama mshale wa mizunguko ya injini kila plau ilipozama. Tumebandika utepe wa kijani kwenye kioo cha mita pale injini inapofanya kazi vizuri, na mwekundu pale inapoanza kuzidiwa. Kwenye mita ya joto hali kadhalika. Mshale ukigusa mwekundu, ainue kidogo. Mchana wa pili dirisha lilibaki limefungwa.

Yaliyobaki: kukaza tena nati za magurudumu, kwa kuwa matairi ni mapya na zinalegea katika saa za mwanzo, kubadilisha oili na filta zote za injini na hidroliki, ili tuanze daftari letu wenyewe, kutafuta kioo cha pembeni cha kushoto kilicho kipana zaidi, na kufunga nguzo za kinga kwenye trekta ya zamani, maana Baba amesema haiuzwi, na mdogo wangu ameshaanza kuitolea macho.